Kugawanya sehemu kwa sehemu: mchoro unaonyesha nini ambacho kanuni ya kupindua haionyeshi?

Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi huu ni wa wazazi, walimu na yeyote anayeketi na mtoto kwenye hesabu za sehemu, kwa sababu swali linalozuka ni lile lile kila mwaka: kwa nini tukigawanya kwa sehemu tunaipindua ile ya pili (2/3 iwe 3/2) na kuzidisha, na inakuwaje jawabu liwe kubwa kuliko kile tulichokigawanya? Kanuni yenyewe ni sahihi tena ni ya kale. Mwanahisabati Brahmagupta aliiandika nchini India mwaka 628. Shida ni kwamba mtu aliyeikariri bila kuiona hajui inajibu swali gani, na siku akisahau ni sehemu ipi inayopinduliwa, hana pa kushika. Nitaeleza kwa michoro, na nitakaa zaidi pale ambapo michoro yenyewe huwapoteza watu.

Tuanze na maana ya kugawanya. Hesabu ya 12 ÷ 3 inaweza kusomwa kwa namna mbili: mafungu ya tatu-tatu ni mangapi ndani ya 12, au, 12 zikigawiwa watu watatu, kila mmoja anapata ngapi. Kwa namba nzima, usomaji wote huo unatoa 4 bila taabu, kwa hiyo hatujishughulishi kuutofautisha. Kwenye sehemu unaachana sura, ingawa jawabu linabaki moja. Kugawia "watu robo tatu" ni jambo ambalo mtoto atalikataa papo hapo, na ana haki. Lakini akiulizwa robo tatu zimo ngapi ndani ya 2, swali linamwingia akilini mara moja. Nitaanza na usomaji huu wa kupima. Ule wa pili ndio unaoeleza kupindua, nao una wakati wake.

Mfano mwepesi ni 3 ÷ 1/2. Chora mikanda mitatu, kila mmoja ukate katikati, hesabu nusu: ni 6. Jawabu limekuwa kubwa kwa sababu halihesabu tena mikanda, linahesabu nusu. Kwa njia hiyo hiyo 3 ÷ 1/10 ni 30, na 3 ÷ 1/100 ni 300; kipimo kikipungua, mara za kukipima zinaongezeka. Hapa ni wachache wanaokwama.

Wanakwama hesabu isipotoka kamili. Chukua 2 ÷ 3/4. Chora mikanda miwili iliyo sawa, kila mmoja ukiwa na vyumba vinne, kisha ujaze mafungu ya vyumba vitatu-vitatu, kila fungu kwa herufi yake:

[A][A][A][B]   [B][B][C][C]

Fungu la A limekamilika. Fungu la B limekamilika pia, ingawa limeanzia mkanda wa kwanza na kumalizikia wa pili, na jambo hilo halina ubaya wowote. Fungu la C limepata vyumba viwili tu. Sasa uliza: jawabu ni ngapi? Wengi watasema 2 na nusu, na ukiwauliza sababu watakuonyesha vile vyumba viwili vya C na kukuambia kwamba viwili kati ya vinne ni nusu. Wanachokisema ni kweli, kwamba kilichobaki ni nusu ya mkanda. Ila hatukuulizwa mikanda. Tumeulizwa mafungu ya robo tatu, na fungu moja lina vyumba vitatu. C ina viwili kati ya vitatu, yaani theluthi mbili ya fungu. Jawabu ni 2 na 2/3. Anayetaka ushahidi azidishe: 3/4 × 8/3 inarudisha 2 kamili, ilhali 3/4 × 5/2 inatoa 15/8, ambayo haifiki 2.

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu katika mada hii nzima, ningechagua hilo. Kila namba iliyo kwenye mchoro iulizwe: wewe ni sehemu ya nini? Ile 2 ya mwanzo inahesabu mikanda. 3/4 ni sehemu ya mkanda. Jawabu linahesabu mafungu, na ile 2/3 ni sehemu ya fungu. Kizima kimebadilika katikati ya hesabu na hakuna alama yoyote kwenye maandishi inayomtahadharisha mwanafunzi. Ndiyo maana nashauri fungu moja lichorwe peke yake pembeni, [A][A][A], kabla ya kuanza kujaza, ili kinachobaki kilinganishwe nalo badala ya kulinganishwa na mkanda.

Tazama tena mchoro ule. Mikanda miwili ina vyumba 8, fungu lina vyumba 3, na 2 na 2/3 ndiyo 8 ÷ 3. Vyumba vikishakuwa vya ukubwa mmoja, neno "robo" linabaki kuwa jina la kipimo tu, na hesabu inageuka kuwa ya namba nzima: robo 8 zigawanywe kwa robo 3. Kwa maneno mengine, asili (namba za chini) zikilingana, gawanya kiasi (namba ya juu) kwa kiasi. Hii nayo ni njia ya kale huko China, iliyokuwepo hata kabla mwanahisabati Liu Hui hajaandika ufafanuzi wake wa hisabati mwaka 263, nami naiona kuwa karibu zaidi na mchoro kuliko kanuni ya kupindua.

Asili zisipolingana, tumia mstatili. Kwa 5/6 ÷ 1/4, ugawe mstatili safu wima 6 na safu mlalo 4, upate vyumba 24. Sudusi tano ni safu wima tano, yaani vyumba 20. Robo ni safu mlalo moja, yaani vyumba 6. Vyumba 20 vikipimwa kwa fungu la vyumba 6 ni mafungu 3 na vyumba 2 juu yake, na vyumba 2 kati ya 6 ni theluthi moja ya fungu. Jawabu: 3 na 1/3.

Naishia hapo kwa sasa, karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, nashukuru kwa maelezo. Mwanafunzi ninayemsaidia alipewa 2/5 ÷ 3/4. Alichora mstatili wa safu wima 5 na safu mlalo 4, akapaka rangi safu wima mbili kwa ajili ya 2/5, akapaka rangi nyingine safu mlalo tatu kwa ajili ya 3/4, kisha akahesabu vyumba vyenye rangi zote mbili na kuandika 6/20. Mchoro wake ni safi na kila hatua anaweza kuieleza, isipokuwa jawabu si sahihi. Nimwambie kosa liko wapi?

Mwanzisha uzi

Mkuu, hilo ni kosa la mtu makini, na linatokana na kwamba mstatili ule ule ndio unaotumika kufundisha kuzidisha. Hebu tuuchore, X ikiwa rangi ya kwanza, O ya pili, na # pale zinapokutana:

[#][#][O][O][O]
[#][#][O][O][O]
[#][#][O][O][O]
[X][X][ ][ ][ ]

Vyumba vyenye # ni 6 kati ya 20, na hiyo ni 2/5 ya 3/4, ambalo ni jawabu la 2/5 × 3/4. Alipopaka rangi juu ya rangi aliacha kuuliza "zimo ngapi" akaanza kuuliza "zinakutana wapi". Kwenye kugawanya, mahali zinapokutana hapana kazi. Mwambie achore mistatili miwili inayolingana, mmoja wa kile anachokipima na mwingine wa kipimo:

[X][X][ ][ ][ ]      [O][O][O][O][O]
[X][X][ ][ ][ ]      [O][O][O][O][O]
[X][X][ ][ ][ ]      [O][O][O][O][O]
[X][X][ ][ ][ ]      [ ][ ][ ][ ][ ]

Kushoto kuna vyumba 8, kulia kipimo kina vyumba 15. Vile 8 havitoshi hata kujaza kipimo kimoja. Vinajaza 8 kati ya 15. Jawabu ni 8/15.

Kuna faida nyingine hapa ambayo sikuigusa mwanzo. Watu wakishazoea kwamba kugawanya kwa sehemu "kunakuza", wanafika mahali wanaamini kwamba jawabu lazima lizidi 1. Hapa 2/5 ni ndogo kuliko 3/4, kwa hiyo ni lazima jawabu liwe pungufu ya 1. Hata hivyo 8/15 ni kubwa kuliko 2/5 tuliyoanza nayo, maana tumeipima kwa kitu kilicho pungufu ya kizima. Mtoto akiweza kusema mambo hayo mawili kabla ya kushika kalamu, makosa mengi ya hesabu yenyewe atayakamata mwenyewe.

Mchangiaji wa pili

Naheshimu juhudi za mwanzisha uzi, lakini lazima tuseme ukweli. Kwenye mtihani hakuna nafasi ya kuchora mistatili. Kanuni ni mstari mmoja: pindua, zidisha, rahisisha. Mtoto aliyefanya mazoezi ya kutosha hakosei. Kwa nini tumzungushe?

Mwanzisha uzi

Ndugu, kwenye mtihani na atumie kanuni, sina ugomvi na hilo hata kidogo. Nakubali pia kwamba mchoro una mwisho wake. Jaribu 7/12 ÷ 5/9: mstatili utakuwa na vyumba 108, na hakuna mtu atakayejifunza chochote kwa kuvihesabu. Hapo andika 21/36 ÷ 20/36, upate 21/20, au pindua na uzidishe upate hicho hicho.

Lakini hilo la kwamba aliyefanya mazoezi hakosei, lina ushahidi dhidi yake. Mwaka 1999 mtafiti Liping Ma alichapisha utafiti ambamo aliwataka walimu wa shule za msingi wa Marekani na wa China wafanye 1 na 3/4 ÷ 1/2, kisha watunge mfano wa maisha unaolingana na hesabu hiyo. Walimu wote 72 wa China walipata jawabu. Kati ya walimu 23 wa Marekani, 9 tu ndio waliofikisha hesabu kwenye jawabu sahihi na kamili. Hao walikuwa watu wazima waliowahi kufundishwa kanuni hiyo hiyo ya kupindua. Walipofika kwenye kutunga mfano, kosa lililojirudia ni kuchanganya kugawanya kwa nusu na kugawanya kwa mbili: wakatunga hadithi za kitu kinachogawiwa watu wawili.

Kosa hilo lina mtego ambao naomba tuutazame kwa karibu. 1 na 3/4 ni robo 7. Ukiuliza nusu zimo ngapi, unapima robo 7 kwa fungu la robo 2:

[A][A][B][B]   [C][C][D]

Mafungu matatu yamekamilika na D ina chumba kimoja kati ya viwili, kwa hiyo jawabu ni 3 na 1/2. Sasa chukua robo 7 hizo hizo uwagawie watu wawili. Kila mmoja anapata robo tatu na nusu ya robo, yaani "vyumba" 3 na 1/2. Namba imejitokeza ile ile! Aliyekosea mfano anaitazama 3 na 1/2 na kuridhika kwamba amepatia. Hajapatia. Ile 3 na 1/2 ya kwanza inahesabu nusu za mkanda, ya pili inahesabu robo za mkanda, na ukiirudisha kwenye mkanda ni 7/8, ambayo ni 1 na 3/4 ÷ 2. Mazoezi ya kanuni hayawezi kufichua jambo hili kwa sababu kanuni haina mahali pa kuandika "3 na nusu za nini".

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mwalimu, na nimekuwa nikitumia njia ya kusawazisha asili kama ulivyoeleza. Wanafunzi wanaielewa. Wanachoniuliza baadaye ni kwamba mchoro umeonyesha 8 ÷ 3, haujaonyesha kupindua popote. Kupindua kunatoka wapi? Nimekuwa nikiwajibu kwa aljebra, lakini wa umri ule aljebra bado.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, umegusa mahali penyewe. Mchoro wa kupima haupindui kitu, na anayelazimisha kupindua kuonekane humo hujikuta anachora maelezo yanayohitaji maelezo. Hapa turudi kwenye ule usomaji wa pili, wa kugawia, ambao niliuacha kiporo.

Tukisema 12 ÷ 3 kwa usomaji wa pili, tunauliza: mafungu matatu yana 12, fungu moja lina ngapi? Badilisha tatu iwe theluthi mbili, usibadilishe neno lingine: theluthi mbili ya fungu ina kiasi fulani, fungu zima lina ngapi? Ghafla lile swali la "watu robo tatu" linapata maana. Kwa mfano, robo tatu ya lita ya maji imejaza theluthi mbili ya chombo. Chombo kizima kinachukua lita ngapi? Hiyo ni 3/4 ÷ 2/3, na picha yake ni chombo chenye ngazi tatu:

[      ]  tupu
[~~~~]  maji
[~~~~]  maji

Ngazi mbili zenye maji zina jumla ya 3/4 ya lita. Ngazi moja basi ina nusu ya hiyo, 3/8. Chombo kizima kina ngazi tatu, kwa hiyo kinachukua 3/8 mara 3, ambayo ni 9/8, lita moja na thumuni.

Tazama tulichofanya: tuligawanya kwa 2 ili tupate ngazi moja, tukazidisha kwa 3 ili tupate chombo kizima. Kugawanya kwa 2 na kuzidisha kwa 3 ni kuzidisha kwa 3/2. Hapo ndipo kupindua kunakotoka, na kila tarakimu ina kazi yake: kiasi cha kigawanyo, yaani cha ile 2/3, kinatwambia tumejaza ngazi ngapi, asili yake inatwambia chombo kina ngazi ngapi kwa jumla. Kanuni inafupisha hatua mbili zenye maana kuwa tendo moja linaloonekana kama mazingaombwe.

Nashauri mwalimu asiharakishe kuziunganisha hatua hizo mbili. Wanafunzi waandike "÷ 2, kisha × 3" mpaka wao wenyewe waone kwamba kuna njia ya mkato. Wakati huo hakuna atakayeuliza ni sehemu ipi inapinduliwa, kwa sababu ile ya kwanza ni maji na ya pili ndiyo inayoeleza chombo.

Mchangiaji wa nne

Je, mstari wa namba unafaa, au ni mikanda na mistatili tu? Swali langu la pili: kijana wangu ana njia yake, anagawanya kiasi kwa kiasi na asili kwa asili bila kusawazisha chochote. Kwa 8/15 ÷ 2/3 aliandika 4/5. Mwalimu wake alimwekea kosa. Ni kosa kweli?

Mwanzisha uzi

Mstari wa namba unafaa sana kwa usomaji wa kupima. Kwa 3 ÷ 2/5, gawa mstari kutoka 0 hadi 3 kwa alama za humusi, utapata nafasi 15, kisha uruke nafasi mbili-mbili. Mruko wa saba unatua kwenye 14/5 na nafasi moja inabaki, ambayo ni nusu ya mruko. Jawabu ni 7 na 1/2. Ubora wake ni kwamba neno "mruko" linamkumbusha mtoto anahesabu nini. Udhaifu wake ni kwamba alama hujaa haraka, na mtoto anayehesabu alama badala ya nafasi ataanza na 0 kama moja na kukosea kila kitu.

Kuhusu kijana, jawabu lake ni sahihi na njia yake ni sahihi. Thibitisha kwa mkanda wa vyumba 15: kinachopimwa ni vyumba 8, kipimo cha 2/3 ni vyumba 10, na 8/10 ni 4/5. Njia hiyo haikosei popote. Kinachotokea ni kwamba mara nyingi namba hazigawanyiki vizuri. Mpe 3/7 ÷ 2/5. Atapata 1 na 1/2 juu, 1 na 2/5 chini, na atakuwa na sehemu iliyobeba sehemu ndani yake. Bado si kosa, maana ukiirahisisha inatoa 15/14, lakini hapo ataona mwenyewe kwa nini wengine wanasawazisha asili kwanza. Kwenye mkanda wa vyumba 35, vyumba 15 vinapimwa kwa fungu la vyumba 14: fungu moja kamili na chumba kimoja. Muulize chumba hicho kinaandikwaje kama sehemu kwenye jawabu. Akisema 1/35 mrudishe kwenye mkanda na fungu. Akisema 1/14, mwache aendelee na njia yake.